Sauti yangu ni nyembamba: niimbe nini kwenye karaoke?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 29, mhasibu hapa Dar es Salaam. Ofisini kwetu kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi tunakwenda karaoke. Sauti yangu ni nyembamba tangu zamani. Nikipiga simu mahali nisipojulikana naitwa 'dada'. Nikiimba nyimbo za Don Williams, ambazo baba alitulea nazo, sauti inazama na hakuna anayenisikia. Nikihamia kwa Bruno Mars, kule juu inapasuka na meza nzima inacheka. Mwenzangu mmoja amenishauri ninywe mayai mabichi na tangawizi ili sauti iwe nzito, mwingine anasema kuna vidonge. Desemba kuna sherehe ya kampuni na nimeshaandikishwa kuimba. Je, kuna dawa ya kuishusha sauti? Na kama haipo, mwanaume mwenye sauti kama yangu aimbe nini asiaibike?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza maswali mawili, lakini mimi nimesoma matatu. La kwanza ni dawa ya kushusha sauti, la pili ni nyimbo. La tatu hukuliandika, ila nimelisikia pale uliposema unaitwa "dada": je, sauti hii inanipunguzia uanaume? Naanza na hilo, maana nikiliacha, hata nikikupa nyimbo mia utaziimba kwa aibu, na mwenye aibu huimba koo likiwa limebanwa.

Wanaume wenye sauti za juu wamebeba muziki wa ukanda huu miaka mingi. Tabu Ley Rochereau hakuwa na sauti nzito. Papa Wemba, aliyefariki mwaka 2016 akiwa jukwaani Abidjan, aliimba juu kiasi cha kutoboa gitaa zote. Hapa nyumbani Hassan Rehani Bitchuka alipanda juu kwenye bendi ya Msondo, akapanda juu Sikinde, na wazee wetu walilipa kiingilio kwenda kumsikia akifanya hivyo hivyo unavyoona haya wewe kufanya. Kwenye kwaya nimefundisha zaidi ya miaka ishirini, na shida haijawahi kubadilika: besi wanajaa benchi, wa sauti ya tatu, yaani sauti ya juu ya wanaume, tunawatafuta kwa tochi. Ungeingia kwenye mazoezi yetu Jumamosi moja, usingetoka bila kuandikishwa.

Sasa dawa. Ili uelewe kwa nini haipo, tuingie kooni kidogo. Sauti hutengenezwa ndani ya zoloto, lile fundo linalopanda na kushuka unapomeza mate. Mle kuna nyuzi sauti mbili, mikunjo ya nyama laini inayogusana na kuachana kwa kasi hewa inapopita kutoka mapafuni. Mvulana akibalehe, zoloto linakua, nyuzi zinarefuka na kunenepa, sauti inashuka karibu oktava nzima, yaani kutoka do hadi do ya chini yake. Kwa wanaume wazima nyuzi hizo huwa na urefu wa kama milimita 17 hadi 25, na kwa wanawake kama 12.5 hadi 17.5. Ziangalie vizuri namba hizo: yuko mwanaume aliyesimama kwenye 17 na yuko mwanamke aliyesimama kwenye 17, wote wazima kabisa, na kwenye simu utawachanganya. Ni maumbile, kama kimo au ukubwa wa kiganja. Ukipata nafasi, mwangalie mpiga udi anapokaza nyuzi zake. Uzi mwembamba hulia juu. Akiulegeza ili ulie chini kama ule mnene, unafika mahali unakosa mlio kabisa, unabaki kugongagonga ubao. Sauti yako kwenye nyimbo za Don Williams inafanya hivyo hivyo.

Mayai mabichi hayawezi kubadilisha hilo kwa sababu rahisi: unachomeza hakiguswi na nyuzi sauti. Ukimeza, kifuniko kidogo hufunga njia ya hewa na chakula kinateremkia kwenye umio. Kitu kikigusa nyuzi sauti unapaliwa, unakohoa mpaka machozi. Kwa hiyo yai haliendi huko unakolituma, na likiwa bichi linaweza kukuletea ugonjwa wa tumbo siku ya sherehe. Tangawizi ya moto inaliwaza koo, inywe ukiipenda, lakini kimo cha sauti itakiacha palepale. Vidonge ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Kama ulichoambiwa ni homoni za kiume, elewa kwamba mtu mwenye homoni zake za kutosha akizimeza bila daktari, mwili unaacha kutengeneza za kwake na mbegu za uzazi zinaweza kupungua. Hapo utakuwa umehatarisha uzazi wako kwa sababu ya wimbo wa dakika tatu. Usifanye hivyo, nakusihi.

Ila kuna jambo nataka ulichunguze kabla hatujafika kwenye nyimbo, kwa sababu umesema sauti iko hivyo "tangu zamani". Kaa peke yako, kohoa kwa nguvu, kisha cheka kicheko cha kweli. Sikiliza. Kama kikohozi na kicheko vinatoka chini, vizito, lakini ukizungumza sauti inarudi juu kama ya mtoto, huenda zoloto lako lilikua vizuri ila ulizoea kuzungumza kwa namna ya utotoni na mazoea hayo hayakuondoka. Hali hiyo inajulikana, na mtaalamu wa tiba ya usemi huirekebisha kwa mazoezi, mara nyingi kwa vipindi vichache tu, bila kisu wala dawa. Na kama sauti haikuwahi kuvunjika hata kidogo ulipokuwa kijana, ndevu hazikuota na dalili nyingine za kubalehe hazikuja, mwone daktari, kwa sababu hapo suala si la kuimba tena. Kama kikohozi na mazungumzo vina kimo kinachokaribiana, na mwili ulibalehe kama wa wenzako, basi wewe ni mwanaume wa sauti ya tatu. Karibu.

Tuje kwenye nyimbo. Kosa ninaloliona kwa wanaume wengi wa sauti yako ni kudhani wimbo wa chini ni rahisi. Mtu anaogopa kupasuka juu, anakimbilia chini, anadhani huko ni salama. Ukweli ni kwamba dari ya sauti unaweza kuipandisha kwa mazoezi ya miezi, lakini sakafu haishuki ila kidogo sana, kwa sababu sakafu imewekwa na urefu na unene wa zile nyuzi. Don Williams na Jim Reeves, ambao redio zetu zimewapenda kuliko hata kwao labda, walikuwa na sauti nzito, na utamu wa nyimbo zao uko kwenye zile nota za chini zinazotulia kama mtu anazungumza na wewe barazani. Wewe ukifika hapo huna kitu cha kupigisha. Hewa inatoka, mlio hakuna, spika inakuza pumzi. Koffi Olomide naye muweke kando kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo, hata pale unapojua maneno yote.

Kosa la pili ni kinyume chake. Mtu anaambiwa "wewe sauti yako iko juu," basi anachukua wimbo wenye nota ya juu kuliko zote akiamini ndio wake. Kufika kwenye nota na kukaa pale ni mambo tofauti kabisa. Unaweza kurukia tawi la mwembe na kulishika, lakini hutaning'inia dakika nne. Unapochagua wimbo usiulize tu "nota ya juu kabisa ni ipi?" Uliza wimbo unaishi wapi, sentensi nyingi zinazunguka kimo gani. Wimbo wenye nota moja ya juu inayopita haraka unaweza kuwa rahisi kuliko ule usio na nota ya kutisha lakini kiitikio chake hakishuki hata kidogo.

Jipime kwanza. Pakua kwenye simu programu ya bure ya kupimia nota, zile wanazotumia wapiga gitaa kukaza nyuzi. Asubuhi sauti huwa chini kidogo, kwa hiyo pima jioni. Imba "aa" kwa sauti ya kawaida, shuka ngazi kwa ngazi mpaka mlio uanze kuchakaa, rudi hatua moja juu, andika herufi na namba inayoonekana. Kisha panda hadi pale unapoanza kuinua kidevu. Kidevu kikiinuka umeshapita mahali pako, rudi hatua moja, andika. Mwanaume wa sauti ya tatu kwa kawaida anapata kitu kama C3 hadi karibu na C5. C3 ni nyuzi kugusana mara 131 kwa sekunde. C4, ile ya katikati ya kinanda, mara 262. C5 mara 523. Usijali kama hufiki C5, wengi hawafiki bila mafunzo. Ile nota ya chini uliyoandika ndiyo itakayokuokoa.

Sasa kuhusu kupasuka. Sauti inaendeshwa na misuli ya aina mbili: mmoja unanenepesha nyuzi, ndiyo sauti ya kifua, ile ya kuita konda kituoni, mwingine unazivuta ziwe nyembamba, ndiyo sauti ya kichwa. Kati ya sauti hizo mbili kuna mahali pa kuvukia. Darasani kwangu tunapaita Kivukoni, na kila mtu wa Dar anaelewa mara moja: ukifika pale huwezi kuendelea na gari kana kwamba barabara ipo, lazima upande pantoni. Kwa sauti ya tatu kivuko hicho kiko maeneo ya E4 hadi G4. Wewe unafika E4 bado unasukuma kwa sauti ya kifua, unaongeza nguvu, unaongeza nguvu, halafu ule msuli unachoka na kuachia ghafla. Nyuzi zinakuwa nyembamba kwa mkupuo mmoja. Huko ndiko kupasuka, na meza inacheka. Kilichokuangusha ni nguvu iliyozidi, wala sauti haikupungua.

Dawa yake ni kupunguza mzigo kabla ya kufika, nota mbili tatu nyuma. Imba kiwango cha nusu ya sauti, na ile "a" pana ielekeze kidogo kwenye "o". Kiswahili kimetupendelea hapa, karibu kila silabi inafungwa kwa irabu na irabu zetu ni tano tu zilizo wazi, lakini "a" ya kufungua mdomo mzima kule juu inageuka kuwa kelele na "i" ya kutabasamu inabana koo. Na ukivuka ukajikuta kwenye falseto, ile sauti nyepesi ya juu, kaa huko kwa amani. Watu huiita sauti ya uongo. Mimi nasema ni chumba kingine cha nyumba ile ile. Barry Gibb wa Bee Gees aliimba Stayin' Alive mwaka 1977 kwa falseto kuanzia mwanzo hadi mwisho na dunia nzima ikacheza. Lucky Dube alikuwa na sauti nzito ya kutosha, lakini alipotaka kukuchoma moyo alipanda kwenye falseto, na hapa kwetu hakuna aliyemuuliza kama ni dada.

Kuna kitufe ambacho watu wengi wa karaoke hawakigusi, nacho kingemaliza nusu ya matatizo yako. Kinabadilisha kii, yaani kinaupandisha au kuushusha wimbo wote bila kubadilisha mwendo wake. Kila ukibonyeza ni nusu toni, hatua ndogo kabisa kwenye kinanda. Anayehusishwa zaidi na kuanzisha karaoke ni Daisuke Inoue, mpiga muziki wa vilabuni mjini Kobe, Japani, aliyetengeneza mashine yake mwaka 1971 na hakuichukulia hataza. Kabla ya hapo alikuwa na mteja, mkubwa wa kampuni ndogo, aliyetaka Inoue asafiri naye ampigie muziki aimbe mbele ya wenzake. Inoue hakuweza kwenda. Akamrekodia kanda, akipiga kwa kii na mwendo uliomfaa yule mzee na sauti yake. Mzee akaenda na kanda, akaimba, akafurahi. Unaona? Karaoke ilianza na mtu wa ofisini kama wewe, na wimbo uliosogezwa hadi alipokuwa mwimbaji. Sisi tumeigeuza, tunamburuta mwimbaji hadi ulipo wimbo.

Tufanye hesabu moja, wewe ni mhasibu utaipenda. Tuseme sakafu yako ni C3, na wimbo wa baba unashuka hadi A2 na kupanda hadi D4. Kutoka A2 hadi C3 ni nusu toni 3. Ukipandisha 3, nota ya chini itakuwa sakafuni kabisa, na hutaki kuimba ukiwa umelala sakafuni. Pandisha 5: chini inakuwa D3, umepata nafasi, na juu inakuwa G4, ambayo ni mwisho wa kivuko. Kama G4 inakutisha, pandisha 4, upate C#3 na F#4. Sasa wimbo wa chini umekuwa wimbo wa sauti ya tatu. Hautakuwa na ule uzito wa Don Williams, sitakudanganya, na mzee wa meza ya mbele anaweza kuukosa. Utakuwa na sauti yako, na maneno yatasikika.

Mwanafunzi wangu mmoja, fundi wa viyoyozi, alikuja akiwa na wimbo wa Jim Reeves aliotaka kuuimba kwenye harusi ya dada yake. Alisimama karibu na kinanda, mkono kifuani, macho chini. Kila mwisho wa mstari sauti ilikuwa inaingia kwenye kola ya shati. Nikaupandisha nusu toni 4, sikumwambia. Mstari wa pili akainua macho. Mstari wa tatu mkono ukatoka kifuani wenyewe. Akaimba mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, umefanya nini?" Sikuwa nimemfundisha kitu chochote bado.

Kushusha nako kunaruhusiwa, hata kwa mtu wa sauti ya juu. When I Was Your Man ya Bruno Mars inafika C5, na mbaya zaidi iko na piano peke yake, hakuna ngoma wala besi ya kujifichia. Ishushe nusu toni 3, kilele kinakuwa A4. Bado ni juu, bado itawasisimua, ila sasa una nafasi ya kupumua. Hapo kwenye sherehe hakuna atakayekuja na programu ya kupima nota.

Kwa nyimbo ambazo hazihitaji kusogezwa sana, anza na za nyumbani. Alikiba anaimba juu na kwa ulaini, hasukumi. Mwana ya mwaka 2014 ni wimbo ninaowapa wanafunzi wa sauti yako kwa sababu unafundisha kutopiga kelele. Ukipata wenzako wawili ofisini, Sura Yako ya Sauti Sol, ya mwaka huo huo, inagawanyika vizuri kati ya wanaume: wao washike chini, wewe uchukue sauti ya juu ambayo wao hawaiwezi. Hilo peke yake linabadilisha heshima ya mezani. Nyimbo za zamani za rumba na dansi zingekufaa kuliko zote, lakini DJ wengi hawana ala zake bila sauti. Ikiwa sherehe ina bendi badala ya mashine, una bahati kubwa, kwa sababu bendi itakusikiliza na kukutafutia kii papo hapo. Waombe kitu cha Tabu Ley.

Halafu kuna mlango ambao wanaume wanauogopa bure: wanawake wenye sauti za chini. Tracy Chapman, Sade, Toni Braxton. Mwanaume wa sauti nzito akiimba wimbo wa mwanamke hana budi kushuka oktava nzima. Wewe, kwa hawa watatu, mara nyingi unaweza kuimba palepale walipoimba wao au kushusha nusu toni mbili tatu. Fast Car ya mwaka 1988 ina beti zinazosema tu, karibu hazipandi, na kiitikio kinachofunguka taratibu. Mwaka 2023 Luke Combs, mwanaume, aliirudia na ikapendwa tena. Jihadhari na wanawake wa sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa, wa kina Whitney Houston: juu kabisa hufiki, ukishuka oktava unazama. Unabaki katikati bila kiti. Na kama una mwenzako wa kike anayependa kuimba, kuna Don't Know Much ya Linda Ronstadt na Aaron Neville ya mwaka 1989, ambayo mwanaume ndiye mwenye sauti ya hariri inayoelea juu. Imeandikiwa watu kama wewe.

Mitego nayo niitaje. Take On Me ya a-ha inaanza chini, A2, na kupanda hadi E5, zaidi ya oktava mbili na nusu. Wengi huichagua kwa sababu ya mdundo wa kuchangamsha, kisha kila kiitikio kinakuwa mtihani. Africa ya Toto, ya 1982, imegawanywa: David Paich anaimba beti chini, Bobby Kimball anaingia kwenye kiitikio juu. Wewe mmoja utalazimika kuwa wote wawili. Bohemian Rhapsody ni kwaya nzima iliyorekodiwa juu ya kwaya. Na nyimbo za Westlife zina tabia ya kupandisha kii mwishoni, wakati wewe umeshachoka. Ndiyo maana huwa nasema: ukijaribu wimbo mpya anza na kiitikio cha mwisho. Ukiweza huko, mwanzo utajitunza. Kisha uimbe wote mara tatu mfululizo, umesimama, kwa sauti ya jukwaani. Kama mara ya pili koo limeanza kukereketa, wimbo huo unaishi juu mno kwako, ushushe au uuache. Bafuni usipime kitu, vigae vinamsifia kila mtu.

Siku yenyewe, adui ni kelele. Mtu akiwa kwenye kelele hupandisha sauti bila kujua, mwili unafanya wenyewe, na ukishapandisha unaingia Kivukoni na gari lenye mzigo. Mwombe DJ apunguze muziki na kuongeza maiki kidogo. Usipojisikia, ziba sikio moja kwa kidole, waimbaji wa bendi wamefanya hivyo siku zote na hakuna anayeona ajabu. Maiki iwe karibu na mdomo kwenye beti, isogee kama kiganja kimoja kule juu. Usikishike kichwa chake kwa mkono, hapo ndipo inapopiga mbinja. Na imba mapema, mtu wa tatu au wa nne. Saa sita usiku utakuwa umepiga soga juu ya muziki saa tatu nzima, na bia, pamoja na kuukausha mwili, zinakuondolea kipimo. Unapiga kelele ukidhani unaimba.

Kabla ya zamu yako chukua mrija, uuzamishe kina cha vidole viwili ndani ya glasi ya maji, na uvumishe sauti kupitia humo, "uuu," mapovu yakitoka sawasawa. Panda na kushuka kama king'ora cha gari la wagonjwa, dakika tatu. Maji yanasukuma hewa irudi nyuma kidogo na nyuzi zinagusana bila kujigonga. Ni zoezi wanalolitumia hata wataalamu wa tiba ya sauti, na mezani utaonekana unacheza na kinywaji tu. Ukiwa kwenye gari, tikisa midomo "brrr" kama mtoto anayeendesha gari la kuchezea, panda na ushuke.

Mimi hapa nilipo sisikii koo lako, kwa hiyo nikuambie lini maandishi haya hayatoshi. Sauti ikikauka baada ya karaoke na kurudi siku mbili tatu, pumzika, kunywa maji, usinong'one kwa nguvu maana kunong'ona huko nako kunachosha nyuzi. Ikikauka wiki 3 au 4 haijarudi, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, hospitali za rufaa wanao, akutazame nyuzi kwa kifaa. Usisubiri wiki hizo kama unakohoa damu, unameza kwa shida, unapumua kwa shida au umeota uvimbe shingoni. Na ikiwa katikati ya wimbo sauti inakatika ghafla kama taa, mara nyingine kwa maumivu, shusha maiki palepale na usiimbe hata neno jingine usiku huo. Mshipa mdogo kwenye uzi unaweza kuwa umepasuka, na ukiendelea utaacha kovu. Kwa mambo mengine, mwalimu wa kwaya wa parokia au mtaa wako akikusikiliza dakika kumi ana kwa ana atakuambia mengi kuliko mimi kwa kurasa.

Ijumaa inayokuja, kabla ya Desemba, chukua ule wimbo wa Don Williams ambao baba yako aliupenda kuliko yote. Nenda kwa DJ mapema kabla hajazungukwa, mwambie, "Niongezee nne." Kama akikuuliza nne nini, mwonyeshe kitufe.